Aendelee au Apumzike

Kazi yangu ni kushuku watu. Nimesimama mlangoni mwa jengo moja la ofisi huku Randburg, kusini mwa Afrika, kwa miaka tisa sasa, na ukinipita asubuhi nitakuwa nimeshautazama mkoba wako, viatu vyako na macho yako kabla hujamaliza salamu. Mke wangu husema kazi hii haikunifundisha kitu, ilinikuta tayari. Eti hata tulipokuwa Tanga nilikuwa nikihesabu vipande vya nyama kwenye sahani kabla ya mgeni kuingia na baada ya mgeni kutoka. Hilo nilifanya mara moja tu, na mgeni mwenyewe alikuwa anajulikana.

Nasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa aina gani. Nitakayoyaeleza yalinipata kwa sababu ya tabia hii, na kwa sababu ya Warumi.

Kwenye ghorofa ya chini ya jengo letu kuna ukumbi mdogo. Kila Alhamisi saa nne asubuhi wazee wastaafu, wenye fimbo zao na masweta yao, huja kusikiliza mihadhara. Mwaka ninaousema mhadhiri alikuwa mama mmoja aliyewahi kufundisha historia chuoni, mwembamba, mwenye sauti kavu, na alichagua somo la Roma ya kale. Mimi niliamriwa nisimame ndani ya ukumbi, karibu na mlango, kwa sababu wiki chache kabla ya hapo bibi mmoja alikuwa ameibiwa mkoba. Basi nikawa nalinda mikoba, masikio hayana kazi, nikaanza kusikiliza.

Mwanzoni nikawashuku hata Warumi wenyewe. Yule mama alisema watu wale walitawala karne nyingi bila kuwa na katiba iliyoandikwa mahali pamoja. Kilichowashika ni kile walichokiita desturi za wazee wao waliotangulia: jambo gani ni heshima, jambo gani ni aibu. Mtu mwenye cheo, alisema, aliogopa kuliko kitu chochote kuangushwa uso mbele ya wenzake. Wastaafu wakatikisa vichwa kama watu wanaokumbuka. Mimi nikawaza, desturi za wazee, sawa, lakini anayezikumbusha ni nani? Kwetu pia firigisi ni ya baba kwa mila, na sijapata kukutana na mtoto aliyetunga mila hiyo.

Aliponipata ni alipoingia kwenye wasiwasi wao. Walikuwa wamewafukuza wafalme, na tangu hapo wakaichukia hata sauti ya neno mfalme. Kwa hiyo juu kabisa hawakumweka mtu mmoja, waliweka wawili, kwa mwaka mmoja tu, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Nikajisemea, hawa sasa ni walinzi wenzangu. Tena walikuwa na wakaguzi wawili wa kupitia majina ya wazee wa baraza. Mzee aliyeishi kwa aibu alifutwa jina, hata kama hakuvunja sheria yoyote. Kuna mmoja alifutwa kwa kumbusu mke wake mchana kweupe mbele ya binti yao. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, nilitaka kujua ni nani aliyewaona akaenda kusema.

Alhamisi iliyofuata akazungumzia asubuhi za Roma. Jua likichomoza tu, watu wadogo walitoka majumbani kwao kwenda kwa mtu mkubwa wao, wakasimama kwenye ukumbi wa kuingilia na kumwamkia mmoja mmoja. Yeye aliwasaidia: aliwasemea mahakamani, aliwadhamini, aliwatafutia pa kushika. Wao walimfuata nyuma barabarani ili aonekane ana watu, na siku ya uchaguzi walimpa sauti zao. Hapakuwa na mkataba. Palikuwa na uaminifu tu, na uaminifu huo waliuheshimu mpaka wakaujengea hekalu lake. Sheria yao ya zamani ilimlaani mkubwa aliyemdanganya mtu wake. Kuhusu mtu mdogo anayemdanganya mkubwa wake, ama sheria ilinyamaza, ama mimi wakati huo nilikuwa natazama mkoba.

Nikasahau mikoba, kwa sababu ukumbi ule wa kuingilia naujua. Uko La Rochelle, mtaa mmoja wa mji huu, nao ni gereji.

Sisi watu wa Tanga na vitongoji vyake tulioko huku tuna chama cha kufa na kuzikana. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, aliyepanga nyumba ndogo yenye gereji nyuma, na kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye gereji ile, juu ya kiti cha plastiki, kando ya friji lake. Watu walikuja. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Huyu mwenye nyumba anamfukuza, yule mtoto wake amekataliwa shule, mwingine anataka mtu wa kumsindikiza kwenye ofisi za uhamiaji. Mzee alisikiliza, akapiga simu, akavaa koti, akaenda. Na mtu akifa yeye ndiye aliyekwenda chumba cha maiti, akaosha kama marehemu ni mwanamume, akasimama kwenye foleni za vibali mpaka jeneza likaondoka likiwa na jina sahihi.

Mimi ni mtu wake kabisa. Siku niliyofika Park Station sikuwa na mwenyeji, na yeye alikuwa na mazoea ya kwenda pale mabasi ya kutoka kaskazini yanapoingia, kutazama kama kuna mtu wa kwetu aliyesimama ameduwaa. Alinikuta nimeduwaa. Wakati huo alikuwa anaishi Jeppestown, chumba kimoja juu ya karakana ya vyuma, na kwa miezi minne nililala kwenye godoro lake na yeye akalala sakafuni, akisema mgongo wake unapenda sakafu. Ndiye aliyenidhamini kwenye kazi ya ulinzi. Alimwambia msimamizi, huyu akiiba, njooni mnichukue mimi.

Na mtu huyu ndiye niliyemshuku. Nalisema wazi, naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Simu yake ililia katikati ya maongezi, naye aliyekuwa akipokea simu mbele yetu sote sasa anatoka nje, anakwenda mpaka kwenye ukuta, anaongea kwa sauti ya chini akitupa mgongo. Jumamosi nyingine nikaona nyuma ya mlango mabegi mawili ya plastiki ya mistari, yamejaa, yamefungwa kamba. Jumamosi nyingine friji halipo. Nikamuuliza friji limekwenda wapi, akasema amelitoa, siku hizi hataki maji ya baridi. Mtu anayetoa friji lake na kuficha mabegi ni mtu anayehama, na mtu anayehama bila kusema anakwenda mahali ambapo hataki ujue. Dalili ya mvua ni mawingu.

Wakati huohuo palikuwa na tetesi kwamba itaundwa jumuiya moja kubwa ya Waswahili wote wa mji huu, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi, na mwenyekiti wake atakaa karibu na wakubwa. Nikaunganisha. Mzee anahamia kaskazini mwa mji, kwa matajiri, anapanda cheo, nasi wa gereji atatuongoza kwa simu.

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni mkutano wa mwaka. Kila mwaka, kwa miaka mitatu mfululizo, mzee alisimama akasema, "Wanangu, nimechoka, naomba mniache nipumzike." Na kila mwaka gereji nzima ikapiga kelele. "Eish, mzee, hatukuachi, wewe ni baba yetu." Akina mama wakafuta machozi. Mtu mmoja akasema hewala aendelee, wote wakaitikia hewala, fatiha ikasomwa, kwisha. Hivyo ndivyo tunavyochagua, kwa mdomo na mbele ya mhusika, na sijaona mtu aliyefungua kinywa kumkatalia mzee aliyemlaza kwenye godoro lake. Naye akakaa chini huku akitabasamu na kutazama sakafu. Mimi nilimwona kama mtu anayesema ameshiba huku jicho liko kwenye sinia.

Basi yule mama wa Randburg akanimalizia. Alisimulia watu wawili. Wa kwanza alikuwa mkulima. Jeshi la mji limezingirwa na adui, wakamfuata shambani akilima, wakampa mamlaka yote. Akapigana, akashinda, na baada ya wiki mbili hivi akarudisha mamlaka na kurudi kwenye jembe lake. Watoto wa Roma walifundishwa habari zake vizazi na vizazi. Wa pili alikuja karne nyingi baadaye, vita vya wao kwa wao vimeisha, yeye ndiye aliyebaki na majeshi. Akasimama mbele ya baraza akasema, nawarudishieni mamlaka, mimi nimemaliza. Wazee wa baraza wakamsihi sana abaki. Akabaki. Akabaki mpaka kufa, na hakuwahi kujiita mfalme hata siku moja. Maneno ya zamani yote aliyatumia, heshima, desturi, utumishi, na ndani ya maneno yale jamhuri ikafa.

Wakati wa chai nilifanya jambo ambalo mlinzi hafanyi, nikamfuata na kumuuliza, "Mama, mtu anayekataa cheo kwa kweli na anayekataa ili abembelezwe, utawajuaje?"

Akashika kikombe kwa mikono miwili, maana ilikuwa Julai na baridi imetuingia mifupani. "Warumi wenyewe hawakujua," akasema. "Wote wawili walisema maneno yaleyale. Labda umfungulie mlango kweli, uone miguu yake inaelekea wapi."

Alhamisi iliyofuata akanipa mlango wenyewe. Zamani, alisema, Warumi walipiga kura kwa mdomo, mkubwa akiwa amesimama pale anasikia. Baadaye wakapitisha sheria za kura ya siri. Kila mtu alipewa kibao kidogo kilichopakwa nta, kwenye kura za sheria akaandika herufi moja tu, ya kukubali au ya kukataa, na akapita kwenye kijia cha ubao kwenda kukitia chomboni. Hata vile vijia ikabidi vifanywe vyembamba, ili pasiwe na nafasi ya mtu kusimama pembeni na kuchungulia. Nilikaribia kupiga makofi. Akaongeza kwamba waheshimiwa walilalamika sana, wakisema kura ya siri inamfundisha mtu mwema kuficha uso wake. Hilo nililiacha likapita.

Nilijua ninachotaka. Nilitaka mzee ang'oke kwenye kile kiti, na nilitaka asijue kamwe kwamba mkono wangu ulikuwemo. Vyote viwili kwa pamoja.

Nilipomweleza mke wangu, alikuwa anasukuma chapati. Hakuinua kichwa. "Fadhila za punda mashuzi," akasema.

"Sisemi aondoke. Nasema watu wapate nafasi ya kusema."

"Wewe una nini cha kusema ambacho huwezi kumwambia usoni? Mtu mwema anaficha nini?"

Nikashangaa, nikamwambia hayo ni maneno ya waheshimiwa wa Roma. Akasema basi Roma kulikuwa na watu wenye akili.

Hata hivyo kwenye mkutano wa mwaka ule nilisimama. Mzee alikuwa ameshasema maneno yake, kwamba amechoka, na kelele zilikuwa zimeshaanza. Nikasema kwa heshima zote kwamba mwenyekiti ameomba jambo mwaka wa nne sasa, na ni adabu mbaya kumjibu kwa kelele. Kila mtu apewe karatasi, aandike herufi moja, E kwa endelea, P kwa pumzika, asionwe na mtu. Mzee akanitazama, akasema, "Wazo zuri." Nikaona amekubali haraka mno, kama mtu mwenye uhakika.

Tukaazima msimamizi asiye na upande, jirani yetu Mrundi mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, mlokole, ambaye tukifa hatuziki, naye akifa hatumziki. Chombo cha kura kilikuwa sufuria kubwa la pilau la akina mama. Nikaliweka mwisho wa ujia wa nyumba, kati ya jiko na choo, mahali ambapo hawapiti watu wawili bega kwa bega, na mfuniko juu yake. Nilijivunia ujia ule. Mmoja mmoja wakaingia na kutoka. Mzee pia aliingia, ni haki yake kama mwanachama, akatoka akijifuta mikono. Nikawaza, E moja hiyo, ya mwenyewe. Nilipoingia mimi niliandika P yangu huku nimeiegemeza karatasi kwenye paja, nikaikunja mpaka ikawa ndogo kama ukucha.

Nilikuwa na hesabu zangu. Nilikuwa nimesikia manung'uniko ya huyu na yule, mzee haambiliki, mzee ana wake. Nilitarajia P kumi na tano, labda zaidi.

Mrundi akatia mkono kwenye sufuria. Karatasi zilikuwa zinanuka binzari. "Bon. Ya kwanza, E. Ya pili, E. Ya tatu, E." Akaendelea hivyo kwa sauti ya mtu anayeita abiria. Ilipofika ya kumi na saba bila P hata moja, nilianza kuyahesabu upya yale manung'uniko. Ya ishirini na mbili ikawa P, watu wakageuka. Ya ishirini na tisa ikawa P. Ya thelathini na nne ikawa ya mwisho. "Voilà," akasema. "E thelathini na mbili, P mbili."

Vigelegele vikapigwa. Mzee akainama, akatazama sakafu, akatabasamu tabasamu lile lile. "Basi hewala," akasema. "Mmekataa. Nimesikia."

Na macho yote yakaja kwangu. Mtu aliyeomba siri ndiye mwenye cha kuficha, hilo hata mtoto angelijua, mimi peke yangu sikulijua. Kura ya siri kati ya watu thelathini na wanne wanaojuana mpaka saizi za kandambili ilikuwa imenianika kuliko kama ningepaza sauti. Walihesabu haraka sana: mbili, yeye na mkewe.

Mke wangu alikuwa ameandika E.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi alivyokasirika. Hakugombana nami, afadhali angegombana. Aliacha kunisemesha isipokuwa kwa mambo ya chakula na funguo, na Jumamosi alikwenda peke yake kumwamkia mzee, ili aonekane. Jioni moja tu alisema, "Umenipaka tope nisilolikanyaga. Mtafute mwenzako."

Nikamtafuta. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Nilitaka kumsafisha mke wangu, lakini nisijipambe, nilitaka pia kujua ni nani mwingine mwenye macho kama yangu. Nilimshuku katibu kwa sababu alipiga makofi kwa nguvu mno. Nikamshuku fundi cherehani mmoja kwa sababu hakupiga kabisa. Nilikwenda kwa Mrundi kuomba zile karatasi nitazame mwandiko, akaniambia amewashia mkaa siku ileile. "Ndugu yangu," akasema, "wewe unashuku hata moshi." Kila niliyemchokonoa aliniapia kwamba yeye alimpa mzee, na baada ya kuapa alinitazama vibaya, na baada ya siku mbili tatu habari zilikuwa zimefika kwingine kwamba nazunguka natafuta wapinzani. Watu walianza kushukiana. Wawili waliokuwa wakija pamoja Jumamosi wakaanza kuja mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyekileta kitu kile ndani ya gereji, na sikuwa na namna ya kukitoa.

Mzee yeye hakubadilika. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, habari za Randburg. Hakunipunguzia hata tone la sauti yake, nami nikashuku hilo pia. Nikaona ananivutia muda.

Zikapita wiki sita. Alhamisi moja yule mama wa historia alizungumzia wajibu. Warumi, alisema, walikuwa na neno moja lililobeba wajibu wa mtu kwa waliomzaa, kwa miungu ya nyumbani na kwa mji wake, na mtu aliyesifiwa kwa neno hilo hakuhitaji sifa nyingine. Msiba wao mkubwa ulikuwa pale wajibu mmoja ulipomvuta huku na mwingine kule, kwa sababu mtu mwema hawezi kuukata wowote. Nilimsikia nusu. Simu ilikuwa imetetema mfukoni, ujumbe wa katibu: mama wa mwenyekiti amefariki Tanga, matanga ni gerejini.

Kusema kweli sikujua kama mzee alikuwa na mama aliye hai. Miaka yote ile nimekwenda kwake na shida zangu, sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi tulisoma khitma. Gereji ilijaa, watu wamekaa mpaka uani juu ya mikeka, na pale lilipokuwa friji akina mama wameweka mabirika ya kahawa. Watu walinipa mkono bila kunitazama. Saa sita hivi wakaanza kutawanyika, nami nikabaki nakunja mikeka, kwa sababu nilishindwa kuondoka na nilishindwa kukaa. Mzee akanionyesha kiti cha pili. "Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Akaangalia nje kwanza kama kuna mtu.

"Zile karatasi mbili," akasema. "Moja nilijua ni yako."

Nilikuwa na kanusho tayari. Nilikuwa nimelitayarisha wiki sita, lakini aliendelea kabla sijalitoa.

"Nyingine ilikuwa yangu mimi," akasema.

Sikuelewa. Akaniambia taratibu, kama anavyomweleza mtu fomu. Mama yake alikuwa amelala kitandani mwaka wa nne. Kila simu aliuliza neno moja, unakuja lini, na yeye alitoka nje kulijibu kwa sababu hakutaka tumsikie akimdanganya mama yake. Mabegi yale yalikuwa khanga, mablanketi na dawa zake. Friji aliliuza kwa ajili ya safari. Alikuwa ameomba ruhusa kwetu hadharani mara nne.

"Mzee, si ungeondoka tu," nikasema.

"Ningemwachia nani? Hakuna aliyekubali hata kujifunza. Mwaka jana nilifunga safari kabisa, akafa yule bwana wa Muheza siku mbili kabla ya basi. Nimwambie maiti asubiri? Na nyie mnaniita baba. Ukimwambia mtu wewe ni baba yetu, umemfunga kamba." Akaangalia nje tena. "Jumanne mama anakata roho mimi niko chumba cha maiti, nasaini karatasi za mtu mwingine."

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imekauka, imepasuka kwenye viungo, mikono inayokaa sana kwenye maji.

"Uliposimama ukaomba karatasi," akasema, "nilisema alhamdulillahi, kumbe yuko mtu ameniona. Nikadhani mtakuwa wengi. Nikaandika P yangu, nikatoka nimefurahi." Akacheka kidogo bila sauti. "Tukawa wawili. Wamekuudhi sana, najua, na mkeo pia, nitawaambia wote wiki ijayo. Nilichelewa kwa sababu niliona haya, mwenyekiti kujipigia kura ya kuondoka. Lakini katika watu wote hawa, mwanangu, wewe peke yako ndiye uliyenionea huruma."

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nilikuwa naye peke yake, mlango umeegeshwa, hakuna karatasi wala ujia. Ningeweza kumwambia kwamba nilimwona mwizi wa kiti, kwamba nilihesabu mabegi yake, kwamba sikuwahi kuwaza huruma hata kwa bahati mbaya. Nilimtazama usoni, nikaona amechoka kweli, na kwamba neno lile la huruma ndilo pekee lililombakia la kushika.

Mzee akainua mikono yake, akaniombea dua ndefu, kwa jina langu na la mke wangu, kwamba Mungu anilipe kwa moyo niliokuwa nao siku ile. Nikainua mikono yangu, nikaitikia amina.